Protini haioteshi nywele, inazuia zisikatike

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni fupi: je, tritimenti za protini, yaani dawa za chupani zinazopakwa ili kuimarisha nywele, zinasaidia nywele kuwa na afya na kurefuka? Nimelisoma mara mbili, maana kwa karibu miaka mitatu nilijiuliza hilohilo mbele ya kioo, nywele zikiwa zimegota mabegani. Zikifika hapo, basi. Kila aliyeniona alikuwa na jibu moja: nywele zako hazikui.

Zilikuwa zinakua. Ningependa msomaji aliyekwisha kukata tamaa alijue hilo kwanza. Unywele huota chini ya ngozi ya kichwa, kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na zile za kujipinda sana huwa nyuma kidogo. Ukishatokeza nje ya ngozi hauna uhai tena: hauli, haunywi, haujitibu. Kwa hiyo hakuna cha kupaka kwenye unywele kitakachoufanya uote haraka. Zangu zilikuwa zikiongezeka sentimita 10 na kidogo kwa mwaka kule juu, na kupotea kiasi hichohicho kule chini.

Kilichoniharibia ni blichi, niliyoweka mara mbili katika mwaka mmoja. Unywele karibu wote ni protini iitwayo keratini, na kwa nje umefunikwa na magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa. Blichi, dawa kali ya kulainisha na pasi ya moto huyainua magamba hayo na kuvunja vifungo vya ndani, na keratini ikaanza kupotea kidogo kidogo kila unapoosha. Hapo ndipo protini ya chupani inapopata kazi. Huwa imekatwakatwa vipande vidogo, iwe imetoka kwenye ngano, hariri au sufu. Vilivyo vidogo kabisa huweza kupenya ndani. Vikubwa hubaki juu na kuufunika unywele kwa utando mwembamba. Chanuo linateleza, nywele zinakatika kidogo, na urefu ulioota unabaki nao. Lakini ni kiraka, na kila ukiosha kinabanduka kidogo.

Mara ya kwanza kuitumia nilifurahi mno. Nywele zilizokuwa zikilegea kama uzi uliolowa zilishikamana, mawimbi yake yakarudi. Nikafanya kosa ambalo naamini wengi wanalifanya: kilichonisaidia mara moja nikakifanya kila wiki. Baada ya miezi miwili nikaanza kusikia mlio nikichana, mdogo, kama nyasi kavu zinazovunjika. Taulo langu jeupe lilikuwa limejaa vipande vifupi kuliko ukucha.

Msusi mmoja aliniketisha, akaokota kipande kimoja akakiweka kwenye kiganja chake. "Angalia ncha zote mbili, mdogo wangu. Unaona kinundu cheupe?" Sikukiona. Unywele uliotoka wenyewe huwa mrefu na una kinundu cheupe upande wa mzizi, na mtu kupoteza 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku ni kawaida. Visivyo na kinundu vimekatika. Kisha akalowesha unywele wangu mmoja, akaushika ncha kwa ncha na kuuvuta taratibu. Ulikatika palepale, bila kunyumbuka hata kidogo.

Tangu siku hiyo kipimo changu ni hicho. Unywele uliolowa, ukiuvuta polepole, unapaswa kurefuka kiasi na kurudi. Ukirefuka tu kama ubani uliotafunwa, usirudi, umedhoofika na protini itaufaa. Ukikatika ghafla kama wangu, acha protini, upe kondishena ya unyevu. Nywele ambazo hazijawahi kuguswa na blichi, dawa wala moto hazina mashimo mengi ya kuzibwa. Ukizijazia protini zinakuwa ngumu tu.

Wanaopaka mayai mabichi nawaambia kwa upendo: yaleni. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya kwenye unywele, inaishia juu, na maji ya moto yanaigandisha humo humo kichwani. Ukiila, inameng'enywa na kuufikia mzizi kwa njia ya damu, na mzizi ndio pekee wenye uwezo wa kuotesha. Mwili ukipungukiwa chakula hauihesabu nywele kuwa kiungo cha lazima. Huipunguzia mapema, na mtu huanza kuona nywele zikipukutika miezi miwili au mitatu baadaye, amekwisha kusahau sababu. Mtoto mwenye kwashakoo nywele zake huwa nyembamba, nyekundu-nyekundu, na hung'oka kwa kuvutwa kidogo tu. Anayepukutika kwa wingi na mizizi yake basi asinunue chupa nyingine. Aende akapimwe damu, upungufu wa madini ya chuma ukiwemo.

Kuna jambo moja linanitia hofu, nalo ni jina. Kuna huduma ya kunyoosha nywele inayoitwa keratini, na watu huiendea wakidhani ni tritimenti ya protini. Baadhi ya dawa zake zikipigwa pasi hutoa mvuke wa formaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Macho yakianza kuwasha na koo kukereketa kwenye kiti cha saluni, simama utoke nje. Na msusi anayeuvuta mvuke huo kutwa nzima, siku baada ya siku, anaumia kuliko mteja. Naomba tuwafikirie na wao.

Mimi niliikata sehemu yote ya blichi, polepole, kila nilipofumua. Protini naitumia pale tu kipimo kinaponionyesha haja, na kila mara naifuatisha na kondishena. Mwezi uliopita nilifumua, nikachana juu ya taulo lilelile jeupe. Zilizobaki kwenye chanuo zilikuwa ndefu, zinapita kiwiko nikizinyoosha mkononi kutoka begani, na karibu kila moja ilikuwa na kinundu chake cheupe.