Kwa mnaoanza kutafsiri muvi: mwacheni samaki asikike

Wadogo zangu wa maiki, juzi nilikaa kibanda umiza, banda letu la kuonyeshea video, nikimsikiliza kijana akitafsiri kwa maiki, filamu ikiendelea, Mon Oncle (yaani Mjomba Wangu) ya Mfaransa Jacques Tati, ile ya 1958. Kipaji anacho, pumzi ndiyo havuti. Basi kabla hamjaua na nyingine, sikieni.

1. Itazame filamu mpaka mwisho kabla hujashika maiki. Hili sielezi.

2. Msishushe sauti ya filamu kama mlivyozoea kwenye za ngumi. Monsieur Hulot, mjomba mwenyewe, karibu hasemi neno. Wanaochekesha ni vitu: viatu vya sekretari vikigonga sakafu ya kiwanda, jiko la umeme linalonguruma, kengele ya geti. Mimi nilipopewa filamu hii mara ya kwanza nikashusha sauti yote, nikaanza kumwaga maneno. Mnaijua ile bustani ya dada yake Hulot, Madame Arpel, yenye sanamu ya samaki anayetema maji juu. Kengele ikilia, mama anakimbilia swichi samaki ateme, mgeni aone kwamba hapa kuna maisha. Kumbe ni kaka yake tu! Anazima. Utani ni huo basi, maji yanaanza kwa mikogo halafu yanakatika. Nami nikampa samaki jina, nikampa mke, nikampa deni la kodi ya nyumba. Nilijiona bingwa. Kibanda kimya. Nikadhani hawajanipata, nikaongeza mbwembwe, sasa samaki ana mchepuko. Mzee wa benchi la mbele akageuka, akaniambia kwa upole uliouma kuliko tusi: “Mwanangu, hebu tumsikie samaki kidogo.” Hapo ndipo watu walipocheka, na aliyechekwa hakuwa samaki. Mwenye kibanda alinilipa nusu, na sikuwa na uso wa kudai iliyobaki.

3. Picha pana ipeni muda. Mwenyeji na mgeni wanakwenda kusalimiana, mikono wameshanyoosha, ila njia ya bustani imepindapinda na hakuna anayethubutu kukanyaga nje yake, kwa hiyo kila mmoja anaunyooshea ukuta mkono. Ukipiga kelele “Karibu shoga!” hapo, umewahi kuliko macho ya watu.

4. Maneno mliyobana yana mahali pake, msininunie. Ni pale kwenye gereji. Bwana na bibi Arpel wana mlango mpya unaojifunga wenyewe kwa jicho la umeme. Mbwa wao anapita mbele ya jicho, mlango unafunga, wao wako ndani. Wanambembeleza msichana wa kazi apite mbele ya jicho ufunguke, naye anaogopa umeme kama kifo. Mwageni yote! Mimi huyo binti humpa maneno haya: “Baba, mshahara wenyewe hamjanilipa, halafu nife na shoti?”