Kijana Hodari wa Kuandika Bado Hajawa Mwezeshaji

Mwalimu mmoja anayelea klabu ya uandishi shuleni kwake ameniandikia wiki hii. Ana vijana wawili wa kidato cha tano wanaotunga hadithi nzuri, naye anauliza kama awakabidhi warsha ya likizo waiongoze wenyewe. Awakabidhi, ila kwa ngazi, na asiwachague kwa utunzi wao peke yake. Mtunzi hodari huiona kasoro ya hadithi ya mwenzake kabla ya wengine, akaitaja, akatoa na dawa yake papo hapo. Basi, mjadala umekufa, waliobaki wataitikia tu. Mtafute yule anayeuliza, anayekumbuka nani hajasema kitu tangu kikao kianze.

Kikao cha kwanza, kijana aongoze zoezi la kuanzia tu. Cha pili, ashike saa na kugawa zamu. Cha tatu, aongoze mjadala wa kazi moja, yaani hadithi au shairi la mshiriki mmoja. Cha nne akiongoze chote, lakini na mwenzake: mmoja anaongoza, wa pili anatazama saa na kuweka alama kwenye jina la kila anayesema. Kila kikao kikiisha, kaeni dakika 15 na daftari. Msiulize "kilikuwaje?", maana jibu litakuwa "kizuri". Uliza kikao kilizorota wapi, na nini kilitokea dakika moja kabla ya hapo.

Washiriki 9 wanatosha sana. Kwa kazi 3 kila kikao, ndani ya vikao 3 kila mtu amepata zamu yake. Saa mbili zigawanywe hivi: dakika 10 za kufungua, 15 za kuandika, 15 za kusoma kwa hiari, 10 za mapumziko, 60 za kujadili kazi tatu, na 10 za kufunga. Kazi ya kujadiliwa isizidi maneno 500, ipigwe chapa kwa nafasi pana ili watu wapate pa kuandika. Fedha ya fotokopi ikiwa haba, nakala moja isomwe na watu wawili.

Zoezi la kuanzia ndilo vijana wengi wanalolichukulia kirahisi. "Andika kuhusu upendo" humwacha mtu akitazama dari. Mpe jambo la kushika: mtu anarudisha kitu alichoazima, nacho kimeharibika, andika mazungumzo yao bila kutumia neno samahani. Kiongozi ajaribu zoezi hilo nyumbani kwanza, kwa saa. Likimshinda yeye katika dakika 15, litawashinda na wengine.

Mjadala ndipo penye kazi yenyewe. Ipo desturi inayohusishwa na Iowa, Marekani, ambako programu ya uandishi ilianza mwaka 1936: mwandishi ananyamaza, wenzake wanaichambua kazi yake mbele yake. Kwa vijana siipendekezi hata kidogo. Anayeanza akikaa kimya huku akipasuliwa, wiki ijayo haji. Bora utaratibu wa Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani aliyeuanzisha mwaka 1990. Wasomaji huanza kwa kutaja kilichowashika. Kisha mwandishi anauliza maswali yake. Kisha wasomaji wanauliza yao bila kuficha hukumu ndani. Mwisho anayetaka kutoa maoni anaomba ruhusa, na mwandishi ana haki ya kukataa. Kwa dakika 20, nagawa hivi: 3 za mwandishi kusoma kipande kwa sauti, halafu 5, 5, 4 na 3 za hatua hizo nne.

Hatua ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. "Kwa nini umeimaliza haraka hivyo?" ni hukumu iliyovaa alama ya kuuliza. "Ulitaka msomaji abaki na nini anapofika mwisho?" hilo ni swali. Mpe kijana wako hukumu kumi, azigeuze kuwa maswali kabla hajaongoza mjadala wowote.

Tena kuna mazoea ya darasani. Vijana wetu wamefundishwa fani na maudhui kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo wakiambiwa watoe maoni huorodhesha dhamira na ujumbe, na hadithi ya mwenzao inageuka kitabu cha kiada. Kiongozi awarudishe kwenye karatasi: "Tuonyeshe mstari." Neno hilo moja huokoa vikao vingi.

Kwenye ushairi, ugomvi wa mapokeo na shairi huru unaweza kumeza saa nzima. Kiongozi amuulize mtunzi kabla ya kusoma: umefuata arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, au hukufuata? Akisema ni tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mizani (silabi) 16 kila mstari, nane kwa nane, basi mizani na vina vihesabiwe bila huruma. Akisema ni huru, asihesabu mtu.

Kimya nacho kinawatisha. Swali likiulizwa na watu wakanyamaza, kiongozi mchanga hujijibu mwenyewe. Afundishwe kuhesabu hadi kumi moyoni. Mara nyingi mtu atasema kabla hajafika.

Nawe mwalimu, kaa nyuma ya kiongozi. Ukikaa mbele, washiriki watasema wakikutazama wewe. Mtu akikuuliza jambo, geuza macho kwa kijana. Ingilia kwa mambo mawili tu: matusi, na kazi inayoonekana kueleza madhila yanayompata mwandishi kweli. La pili hilo si mzigo wa kijana mwenzake hata kidogo. Kubalianeni mapema ishara atakayokupa, umchukue mwandishi faraghani baada ya kikao. Makosa mengine yote, hata yakikuwasha ulimi, yaandike kwenye daftari usubiri zile dakika 15.