Mpita Njia Ajue Kwamba Ni Yeye Aliyewasha Taa

Juma lililopita niliandikiwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uhandisi hapa Kampala. Yeye na wenzake wamekubaliwa kuonyesha kazi ya taa zinazoitikia watu katika tamasha la wazi, na swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, tununue bodi gani?" Kwa kuwa maswali ya namna hiyo hayajakoma tangu kazi yetu ilipoonyeshwa, naona heri nijibu hapa kwa urefu, maana bodi, ile kompyuta ndogo inayoziendesha taa, ndilo jambo la mwisho la kuwanyima usingizi.

Kazi yetu ilikuwa lango la mabomba ya chuma lililochomelewa na mafundi wa mtaa wa Katwe, nasi tukalizungushia kanda za LED ambazo kila taa yake hupewa rangi ya peke yake. Mhadhiri aliyetusimamia alishikilia kwamba tutumie vihisi vya PIR, vile vinavyofungwa kwenye taa za ulinzi za mageti, kwa sababu ni rahisi. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba kihisi cha aina hiyo hutambua mabadiliko ya joto mbele yake, kwa hiyo kinafaa mahali anapopita mtu mmoja usiku. Penye umati joto husogea wakati wote na taa haizimiki, na taa isiyozimika haimwambii mpita njia kwamba ni yeye aliyeiwasha. Alicheka mbele ya darasa zima, akasema kwamba nimesoma intaneti kupita kiasi. Kicheko kile ningali nakisikia.

Tukatumia vihisi vinavyotuma mlio usiosikika na kupima muda wa mwangwi kurudi. Vile vya bei ndogo hupima kuanzia sentimita 2 hadi mita 4 hivi, nasi tulivielekeza chini kutoka juu ya lango, tukaviwasha kwa zamu ili mwangwi wa kimoja usisomwe na jirani yake. Kimo cha mtu ndicho kilichochagua rangi. Usiku wa tamasha mama mmoja mwenye beseni la karanga kichwani alipita, lango likageuka zambarau, rangi ambayo hakuna aliyekuwa ameipata. Akasimama. Akarudi nyuma, akalitua beseni, akapita tena, ikaja kijani. Hakuuliza mtu, alijitwika beseni lake, akapita mara ya tatu huku akitazama juu, na watoto waliokuwa nyuma yake wakaanza kubebana mabegani. Hapo nilijua kwamba nilikuwa sahihi, na sioni aibu kulisema.

Kwa hiyo, mdogo wangu, anza na mpita njia. Tamasha la sanaa la KLA ART la mwaka 2014 liliifikisha sanaa kwa watu wa Kampala kwa boda boda, si kwa kuwasubiri kwenye kumbi. Mtu wa barabarani hana muda wa kusoma maelezo yako: taa imjibu papo hapo, au ataondoka.

Pili ni umeme. Taa moja ya ukanda wa volti 5 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote hula karibu miliampea 60, hivyo taa 300 zinataka ampea 18. Adapta ya simu hapo ni mzaha. Ukilisha ukanda mrefu upande mmoja tu, volti hupungua njiani, na taa za buluu na kijani, zinazohitaji volti nyingi kuliko nyekundu, hufifia kwanza, ndiyo maana nyeupe ya mwishoni huwa kama imepata kutu. Lisha pande zote mbili. Majaribio yafanyeni gizani, na hapa kwetu giza huingia yapata saa moja jioni mwaka mzima, basi msijidanganye kwamba mtapata jioni ndefu ya kurekebisha mambo. Na tena nasema: mjaribu penye watu, si chumbani.

La mwisho linaniuma. Bango lililosimamishwa kando ya lango letu lilikuwa na jina la chuo na la mhadhiri yule yule, basi, na yeye ndiye aliyehojiwa na waandishi wa habari kuhusu "uamuzi wake" wa kuepuka PIR. Vijana, msiwaachie wengine kazi ya kuwataja. Lango letu likionyeshwa tena, majina yetu sote, pamoja na la fundi, yatakuwa yamechomelewa kwenye nguzo ya kulia, upande wanaposimama wapiga picha.