Barua kwa mwanangu kuhusu neno ushenzi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kujua kwamba u mzima. Umeniuliza neno ushenzi lina maana gani hasa na lilianzia wapi, baada ya kumsikia mwenzako kazini akiuita unyago "mambo ya kishenzi".

Siku hizi anayesema "acha ushenzi" anakemea ufidhuli na utovu wa adabu. Lakini kwa watu wa miji ya pwani katika karne ya 19, mshenzi alikuwa mtu wa bara asiye Mwislamu, hata angekuwa mpole na mkarimu kiasi gani. Kinyume chake alikuwa mwungwana, yaani mtu huru, mwenye nasaba na mji wake. Jambo hili halikuwa la maneno matupu, kwa sababu sheria ya Kiislamu ilikataza kumtia utumwani Mwislamu aliye huru. Hivyo aliyeitwa mshenzi ndiye aliyeweza kukamatwa, kutembezwa hadi pwani na kunadiwa katika soko la watumwa la Unguja, ambalo halikufungwa hadi mwaka 1873. Inaniuma kwamba tunalitamka neno hili kwa wepesi, ilhali wengi wetu ni vizazi vya hao walioitwa washenzi.

Utawala wa Waomani ulipokita mizizi Unguja, sifa ya uungwana ikaanza kupisha ustaarabu, neno lililotokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Kipimo kikabadilika, mtu wa bara akabaki pale pale. Walowezi wa Kiingereza nao wakalichukua neno shenzi, wakamwita hivyo hata mbwa koko asiye na nasaba.

Ndiyo maana Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962, alisema kwamba hakuna kosa la ukoloni lililo baya kuliko kutaka kutuaminisha kwamba hatukuwa na utamaduni wetu, na akaunda wizara ya kuushughulikia.

Unyago una kungwi anayewajibika kwa mwali wake, na una nyimbo za mafumbo ambazo mwali hutakiwa kuzifumbua mwenyewe. Ikiwa mwenzako ana hoja dhidi yake, kwa mfano kwamba binti hukatishwa masomo, mwambie aiseme hoja hiyo waziwazi, nami nitakuwa wa kwanza kumuunga mkono.

Akupendaye,
Mama