Kwa mdogo wetu anayetaka kujaziwa kitabu cha saini kabla ya kuingia wodini: USITHUBUTU

Usimpe pesa huyo anayejitolea kukujazia. Hata ya viazi karai usimpe. Nimesoma swali lako nikadhani nimeelewa vibaya, nikalirudia, nikaweka simu chini nikaenda kunywa maji.

Kwa mnaoingia sasa hivi bila kusoma juu: dada huyu amemaliza nadharia ya mwanzo ya uuguzi chuoni hapa Mombasa, na wiki ijayo anaanza wodi hospitali ya Makadara. Ameuliza mambo manne. Amalize kwanza kusoma vitabu vyote au aingie hivyo hivyo? Avae viatu gani? Apange chumba wapi, maana kwao ni Likoni, ng'ambo ya feri, na zamu huanza mapema? La nne amelitupia mwishoni kwa mstari mmoja na kikatuni cha kucheka: "kaka mmoja wa mwaka wa tatu" amejitolea kumjazia kitabu cha saini kwa bei poa, ili yeye apate nafasi ya kusomea mtihani.

Naanza na hilo la mwisho, na sijui kama nitayafikia mengine.

Kitabu cha saini, kwa asiyekijua, kina orodha ya kazi ambazo mwanafunzi sharti azifanye kwa mikono yake. Kutandika kitanda ambacho mgonjwa yumo ndani. Kupima joto, mapigo, pumzi na presha. Kusafisha kidonda bila kukiongezea vijidudu, kugawa dawa, kuweka mpira wa mkojo, kuzalisha. Unaanza kwa kutazama, kisha unafanya ukiwa umesimamiwa, kisha unaachiwa ufanye mwenyewe, na nesi aliyekuona anatia saini. Huko ndiko kutoka darasani kuingia wodini. Hakuna daraja lingine la siri ambalo wakubwa wanawaficha.

Mimi nami nilikuwa na kaka. Koti jeupe limepigwa pasi mpaka kola ingeweza kukata mkate, na mfukoni kalamu tatu: bluu, nyeusi, na bluu iliyofifia, ili saini zisifanane. Alinikalisha chini ya mwarobaini nje ya chuo akanisomesha: "Wodi ni kazi ya bure. Utasukuma machela, utapeleka damu maabara, utatumwa faili, na jioni hujui kitu. Mtihani wa Baraza la Wauguzi ni karatasi. Mwenye akili anakaa na kitabu." Wallahi niliona nimekutana na mwanafalsafa. Nikalipa. Kitabu kikarudi kimejaa mpaka kurasa za wodi ya watoto, wodi ambayo sikuwa nimeuona hata mlango wake.

Sasa wewe labda unafikiri hatari ni kukamatwa na saini za kughushi. Hakuna aliyenikamata. Saini zile zilikuwa nzuri kuliko za wenyewe. Hatari iko kwingine, na ndiyo sababu ninaandika saa hizi badala ya kulala: kitabu kikishajaa, hakuna tena atakayekufundisha. Inchaji, yaani nesi msimamizi wa wodi, anakifungua, anaona umeshafanya yote, anafurahi kupata msaada. "Huyu ameiva, mpeni vipimo vya upande wote ule." Nawe huwezi kufungua mdomo kusema hujui, kwa kuwa umeandika kwamba unajua. Mwanafunzi asiye na saini anauliza swali la kijinga na anajibiwa. Mimi niliilipia haki hiyo iondolewe.

Basi nikapelekwa wodi ya watoto, hospitali gani sitaji, kisiwa hiki ni kidogo. Joto halikunisumbua, kipimajoto kinajisemea. Mapigo, kuna kile kidude cha kubana kidole. Pumzi ndiyo haina mashine, au angalau sisi hatukuwa nayo. Lazima usimame, utazame tumbo na kifua cha mtoto vinavyopanda na kushuka, dakika nzima kwa saa, si nusu dakika ukazidisha. Vitoto vyenyewe vimejaa wodi, kimoja kinalia, kingine kinanyonya. Nikagundua njia ya mkato ambayo kila mvivu duniani ameigundua: unaangalia mstari wa zamu iliyopita, unaandika namba ya jirani. Imeandikwa 30, naandika 28. Imeandikwa 28, naandika 30. Chati zangu zilikuwa nadhifu, ungedhani watoto wote wale wamekubaliana.

Ikaja asubuhi ya kutahiniwa kwa vitendo. Mkufunzi kutoka chuo amesimama na sista wa wodi, mbele yetu mtoto wa miezi tisa hivi mapajani mwa mamake. Mkufunzi akashika chati. Alfajiri ile, kwa mwandiko wangu: 30.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Hesabu tena, nikiona."

Nikainama. Mtoto alikuwa na sweta nene. Nikakodolea macho lile sweta, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Mama mtu ndiye aliyeniuliza, kwa upole kabisa, "Nimvue?" Alipomvua, hata mimi niliona: nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila akivuta hewa. Mkufunzi akahesabu kwa saa yake. Sitini na nne.

Na namba ya mpaka nilikuwa naijua! Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 na zaidi ni pumzi ya kasi. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi chini ya mitano, 40. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye mtihani wa karatasi, nikapewa vema nyekundu kubwa. Nadharia ninayo kichwani, na mtoto mwenye nimonia yuko mbele yangu na sweta.

Alitiwa oksijeni, akatibiwa, akaenda nyumbani na mamake akiwa mzima. Yule mama hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani alfajiri hukuja?" Nilikuja. Nilimpima joto. Nikaandika na lile ambalo sikulipima.

Nikaanguka, bila shaka. Wakaanza kuniuliza kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, na kalamu zote tatu za kaka zikawa hazina la kunisaidia. Kikafutwa. Nikarudishwa wodi tangu mwanzo, na jina langu halikwenda kwa Baraza pamoja na darasa langu. Wenzangu wakafanya mtihani wa leseni, mimi natandika vitanda na watoto wa mwaka wa kwanza wananiita "anti". Karo juu ya karo, kodi ya chumba Kisauni haingoji, na nyumbani nikadanganya kwamba ratiba imebadilika. Baba alikuwa ameshashona suti ya mahafali. Aliivaa harusini kwa jirani, akapendeza, na picha zipo.

Huyo kaka leo si nesi. Nasikia anauza bima. Kama ni kweli, someni karatasi zake vizuri kabla hamjatia saini.

Lakini si yeye peke yake. Kuna manesi wanaotia saini kurasa nzima bila kuinua macho. Nawaelewa, nami sasa niko upande wao: nesi mmoja, wodi imefurika, mwanafunzi amekusimamia kichwani na kalamu, unasaini ili aondoke. Ila ukweli ni kwamba unamharibia. Na walimu wetu wa darasani je? Mmoja alitukaririsha hatua tano alizozieleza Patricia Benner, muuguzi wa Marekani, mwaka 1984, kuanzia mgeni wa kazi mpaka bingwa. Tulizijua kama wimbo. Hakuna siku alituuliza sisi tuko hatua ipi. Tungemwambia tuko nyuma ya mlango wa stoo ya mashuka, tunajificha na kitabu.

Haya. Kanuni yangu, iandike ubaoni chumbani kwako: usisainiwe ambacho mkono wako haujafanya, na usiandike namba ambayo macho yako hayakuihesabu. Mtu akikuona mjinga, akuone. Ujinga wa mwaka wa kwanza haulipiwi karo mara mbili.

Kuhusu kusoma kwanza umalize: vitabu vya uuguzi haviishi, utazeeka. Ingia. Soma usiku kuhusu mgonjwa uliyemwona mchana, ndipo kitabu kinapokaa. Mfano wa dripu. Darasani unaambiwa mililita 500 ziingie kwa saa nne, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita. Unazidisha 500 kwa 20, unagawa kwa dakika 240, unapata matone 42 kwa dakika, umefaulu. Wodini unayahesabu 42 yako vizuri kabisa, unaondoka, mgonjwa anakunja kiwiko, matone yanasimama. Unarudi baada ya saa nzima chupa iko pale pale. Hesabu haikukosea. Ila hakuna fomula iliyokwambia urudi kutazama, na pengine umeshaandika kwenye chati kwamba maji yanaingia.

Au leba. Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni yanasikilizwa kila nusu saa mama akiwa na uchungu uliokolea. Darasani tulichora vinukta kwa rula, mstari mzuri. Leba ya kweli, nusu saa inafika na mama wa kitanda cha pili anasukuma, nawe ndiye umeshika taa. Umeikosa? Acha pengo, na umwambie sista umeikosa. Pengo linamfanya mtu aende kusikiliza. Namba ya kubuni inamfanya daktari apite aende kitanda kingine, akiamini mtoto yuko salama. Ndiyo maana kanuni ni ile ile, naona nimeshaisema lakini nitaisema tena kwa kuwa vichwa vyenu mnavijua.

Unavyofanya: fika kabla ya zamu kukabidhiana, usikilize ripoti, kisha umwendee inchaji kwa adabu. "Sista, shikamoo, mimi ni wa mwaka wa kwanza. Leo naomba nijifunze kuhesabu pumzi, unione nikihesabu." Kitu kimoja. Ukimwendea na orodha ya kumi atakutuma maabara, na hapo kaka wangu hakusema uongo, mwanafunzi hutumwa sana. Nenda. Ila ukirudi uliza damu ile ilikuwa ya nani na inatafutwa nini. Nilipoanza upya nilijifunza mengi hivyo kuliko kwa mihadhara. Na saini uichukue hapo hapo kwa aliyekuona. Akiwa na shughuli, nafasi ibaki tupu mpaka kesho. Kitabu chenye nafasi tupu mwezi wa kwanza kinaonekana cha mtu anayejifunza, hakuna wa kukucheka.

Na wewe uliyeandika hapo juu kwamba "kila mtu hufanya hivyo na watu wanapita": ndiyo, wengine wanapita. Nimefanya nao kazi. Usiku mgonjwa akibadilika ndio wa kwanza kukumbuka kwamba wana simu ya kupokea nje. Usimpe mtoto wa watu ushauri ambao hutakuwepo zamu hiyo kuulipia.

Mdogo wangu, ukiingia wodi ya watoto mwombe mama avue sweta kwanza. Usihesabu mtoto akilia wala akinyonya, subiri atulie, hata akiwa amelala ni sawa. Nunua saa yenye mshale wa sekunde, Mwembe Tayari utaipata kwa pesa isiyofika hata nusu ya anayokutoza huyo kaka. Usihesabu kwa simu, mama wa mtoto ataona unachati tu.