Nembo Iitii Kofia

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Kofia yenye nembo ni vazi au ni tangazo?", limenigusa kwa sababu nimewahi kuagiza kofia za namna hiyo mara mbili kwa niaba ya wenzangu, mara ya kwanza kwa hasara na mara ya pili kwa mafanikio. Jibu langu ni kwamba kofia ni vazi kwanza, na tangazo lolote linalowekwa juu yake hudumu kwa kadiri linavyolitii umbo la vazi hilo.

Naomba nianze na kofia niliyoikuta nyumbani. Marehemu babu yangu alikuwa na kofia nyeupe ya viua, aliyoivaa Ijumaa na siku za harusi, na kila ilipofuliwa ilitiwa wanga kidogo kisha ikavikwa juu ya bakuli lililofudikizwa mpaka ikauke, isije ikapoteza duara lake. Kofia za aina hii, ambazo Lamu, Pemba na Unguja zimesifika nazo kwa vizazi vingi, zina vipande viwili tu: kimoja cha mviringo kinachofunika utosi, na kingine kirefu kinachozunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cha tabaka mbili. Fundi huchora ruwaza juu yake, akapitisha nyuzi kufuata mistari ile, kisha akatoboa vitundu kimoja kimoja na kuzungushia kila kitundu uzi ili kisifumuke. Kazi hiyo ni ya mkono na huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Waomani, waliochangamana na Zanzibar kwa muda mrefu, wana kofia iliyo ndugu ya hii na huiita kumma.

Nimeieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo waagizaji wengi wa kofia za kuchapwa hatulifikirii. Katika kofia ya viua, pambo halikubandikwa juu ya vazi. Uzi unaopamba ndio huohuo unaoshikanisha tabaka mbili na kuikaza kofia isimame, na vile vitundu vinavyofanya ua ndivyo vinavyoingiza hewa kichwani katika joto la pwani. Huwezi kuliondoa pambo ukabaki na kofia.

Kapelo, yaani kofia yenye ukingo mbele ambayo leo ndiyo huchapwa nembo kuliko nyingine zote, ilizaliwa mbali na kwetu, katika mchezo wa besiboli nchini Marekani. Mwaka 1849 timu ya Knickerbocker ya New York ilikuwa ikivaa kofia za nyasi zilizosukwa, na mwaka 1860 wachezaji wa Excelsior wa Brooklyn walikuwa wakivaa kofia ya kitambaa yenye duara juu, kifungo kileleni na ukingo wa kukinga jua lisimpige mchezaji machoni anapoutazama mpira ulio juu. Mwaka 1901 timu ya Detroit iliweka picha ndogo ya chui milia mbele ya kofia yake, kwa kuwa jina la timu lilikuwa la mnyama huyo. Baadaye, mjini Buffalo, Ehrhardt Koch alianzisha mwaka 1920 kiwanda ambacho leo kinajulikana kwa jina la New Era. Mwaka 1934 kiwanda hicho kilianza kushona kofia za timu ya Cleveland, na mwaka 1954 kikatoa kofia ya 59Fifty, isiyo na mkanda wa kurekebishia nyuma, ambayo mtu huinunua kwa kipimo cha kichwa chake. Umbo lililoenea ni la vipande sita vya pembetatu vinavyokutana chini ya kile kifungo, kila kipande kikiwa na kitundu cha hewa, na ndani kuna mkanda wa kunyonya jasho. Vipande viwili vya mbele hutiwa kitambaa kigumu kwa ndani ili visimame wima, na hapo ndipo herufi au picha hupata uwanja wa kuonekana.

Kwa muda mrefu rangi ya kofia ilikuwa mali ya timu, mpaka mwaka 1996 mtengeneza filamu Spike Lee alipokiomba kiwanda hicho kimshonee kofia ya Yankees, timu ya besiboli ya New York, ya rangi nyekundu, ingawa rangi ya timu hiyo ni buluu iliyokoza, kwa kuwa alitaka ifanane na koti lake. Alipoonekana nayo katika mechi za fainali za mwaka huo, wengine nao wakataka rangi zao. Kijana wa Kariakoo au wa Gikomba anayevaa leo herufi N na Y zilizofungamana, nembo ya Yankees, huenda hajawahi kutazama besiboli hata siku moja, lakini anavaa kofia inayomkaa na anayoipenda. Sioni kosa lolote katika hilo.

Tangazo nalo lina mzazi wake. Katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni za Marekani zilizouza vyakula vya mifugo, mbegu na zana za kilimo ziliwagawia wakulima na madereva wa malori kofia za bure zenye sponji mbele na wavu wa plastiki nyuma. Sponji ilichaguliwa kwa kuwa ni rahisi, husimama kama kibao cha duka na hupokea rangi, na wavu huacha jasho likauke. Kofia tunazogawiwa katika kampeni za uchaguzi na mikutano ya uzinduzi ni wajukuu wa zile. Kwa hiyo anayesema kofia ni tangazo tu hakukosea kabisa, ila amesahau kwamba hata wale wauza mbegu walichagua umbo ambalo mkulima angekubali kushinda nalo shambani kutwa nzima.

Sasa nieleze kosa langu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wavuvi na wachuuzi wa samaki hapa Tanga. Tuliagiza kapelo 150 kwa ajili ya sherehe yetu, nami nikapeleka kwa mchapaji nembo ileile iliyo kwenye barua zetu: ngalawa yenye tanga, ikizungukwa na jina kamili la kikundi, mwaka wa kuanzishwa na kaulimbiu. Mchapaji hakuuliza lolote, nami sikuomba kuona sampuli. Alikata nembo katika karatasi ya plastiki na kuibandika kwa mashine ya joto juu ya kapelo za vipande sita, ambazo zina mshono unaopita katikati kabisa ya paji. Kwa mbali zilipendeza, lakini hakuna aliyeweza kuisoma kaulimbiu, na baada ya kufuliwa mara chache plastiki ilipasuka kufuata ule mshono, ikaikata ngalawa yetu sehemu mbili. Fedha zile zilikuwa michango ya watu wanaoamka saa tisa usiku kwenda baharini, na jambo hilo liliniumiza sana.

Nikaenda kukaa na mafundi wa kudarizi kwa mashine ili nielewe. Walinionyesha kwamba kapelo ina mteremko kila upande, kwa hiyo picha pana hujikunja pembeni, na kimo cha kudarizi hakizidi sana sentimita 5 au 6 kabla paji halijaanza kulala kuelekea kileleni. Herufi iliyo fupi kuliko milimita 5 au 6 hujaa uzi na kuwa doa. Picha ya kompyuta haitoshi, maana lazima ibadilishwe iwe ramani ya mishono inayoiambia sindano ianzie wapi na ielekee wapi. Kwenye kofia, kazi huanzia chini katikati na kutanuka kwenda pembeni, ili kitambaa kisisukumwe kikajikusanya kwenye mshono. Bei nayo huhesabiwa kwa idadi ya mishono, na ndiyo maana mchoro uliojazwa wote hugharimu zaidi kuliko wa mistari.

Kuchapa kwa wino kupitia skrini, yaani fremu yenye wavu mwembamba, hakuna ubaya kwenye kofia ya vipande vitano, kwa kuwa paji lake ni kipande kimoja kisicho na mshono, mradi wino ukaushwe kwa joto la kutosha. Uchapaji wa rangi inayoingia ndani ya nyuzi kwa joto kali hukubali poliesta tu. Ukiujaribu kwenye pamba, rangi hupauka ukifua. Haya yote nilipaswa kuyauliza kabla sijatoa fedha ya watu.

Mara ya pili tuliagiza kofia 60 tu, za pamba nzito, kwa bei iliyokaribia mara mbili kwa kila moja. Wanakikundi walibishana jioni nzima kuhusu nini kiondolewe, na mzee wetu mmoja, nahodha wa siku nyingi, akasema ngalawa ibaki, kwani jina la kikundi wanaotujua wanalijua. Mbele tukadarizi ngalawa na tanga lake kwa mistari mitano tu, upande mmoja wa mshono ili usiikate, na nyuma, juu ya mkanda wa kurekebishia, jina fupi la kikundi kwa herufi kubwa. Kwanza nilipewa sampuli moja, nikaifua kila siku kwa wiki mbili, nikaianika juani juu ya bakuli kama ilivyoanikwa ya babu, ndipo nikatoa idhini.

Juzi alfajiri nilimwona nahodha yule akishusha samaki ufukweni akiwa ameivaa. Ukingo umepauka kwa chumvi na jua, na kitambaa chote kimegeuka rangi ya kijivu. Ngalawa ingali nzima, na mlingoti wake umesimama.