Damu kwenye mkojo si alama ya kubaleghe

Assalamu alaykum. Dada aliyeuliza kwa nini mwanawe wa miaka 11 anakojoa damu tena, ilhali mwaka jana alipewa dawa ya kichocho skuli, nimemfahamu vyema, kwani nimekulia Pemba kando ya bonde la mpunga na maradhi haya yalinipata mara mbili. Sisi wavulana tulikuwa tukiambiana kwamba matone mekundu yanayotoka mwisho wa mkojo ni dalili ya utu uzima, nami nikamficha mama kwa miezi mingi, hadi maumivu ya chini ya kitovu yaliponilaza.

Dada yangu, usiilaumu dawa. Prazikwanteli, yaani hiyo dawa ya kichocho, huua minyoo wa maradhi haya waliokwisha kukomaa, lakini wale wachanga huwaacha, wala haimkingi mtoto anayerudi kuogelea kesho yake. Mkojo wa mgonjwa ukiingia mtoni, mayai ya minyoo yaliyomo huanguliwa, vijidudu huingia ndani ya konokono wadogo wanaoshika kwenye majani, na baada ya wiki kadhaa hutoka vingine vinavyopenya ngozi hata isiyo na mchubuko. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, yaani saa zile zile ambazo watoto wametoka skuli na joto limewashika. Baharini hakuna kichocho. Wakitaka kuogelea, waende pwani na mtu mzima.

Mama yangu alitukataza mto kabisa, na maji ya kuogea aliyateka akayaweka kwenye pipa lenye kifuniko kwa siku 2, kwa sababu vijidudu hivyo visipopata mwili wa kuingia hufa. Ukiwa na haraka, yachemshe. Anayelima bondeni avae mabuti ya mpira.

Linaloniumiza zaidi ni wasichana na kina mama, ambao mayai hayo huwaathiri sehemu za uzazi, wakapata maumivu na kutokwa na damu, kisha wakadhaniwa wana maradhi ya zinaa na kunyamaza kwa aibu.

Mpeleke mwanao kituo cha afya, na mkojo wa kupimwa autoe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, maana ndipo mayai hutoka mengi. Eleza kwamba aliwahi kunywa dawa, na umchukue pia dada yake anayefua naye mtoni, hata kama hajalalamika.